Chanjo ya miezi tisa si mwisho wa kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa mkoa wa Kigoma. Mtoto akizaliwa, kadi yake ya kliniki tunaitunza kama hati ya kiwanja. Tunaivalisha nailoni, tunaiweka mkobani, haipotei. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tunakwenda. Miezi tisa ikifika, chanjo ya surua na rubella, tunakwenda. Baada ya hapo kadi inaingia sandukuni, na wengi wetu tunaikumbuka tena siku ya kumwandikisha mtoto shule. Tunasema chanjo zimekwisha. Kwanza hazijaisha, kwa sababu dozi ya pili ya surua na rubella hutolewa miezi 18. Lakini hata kama zingekuwa zimekwisha, kadi ile haikutengenezwa kwa ajili ya sindano peke yake. Kurasa zenye mistari iliyopinda kwenda juu ndizo zinazosema mtoto anakua au amesimama, na kipindi anachosimama zaidi ni hichohicho tunachoacha kwenda, kati ya miezi tisa na miaka miwili.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mpaka miezi sita maziwa ya mama yanatosha kwa kila kitu, hata maji hayahitajiki. Baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua sana, mwili unataka zaidi ya yale maziwa yanayoweza kutoa, na mtoto anaanza kutambaa na kuokota kila kitu, kwa hiyo kuhara nako kunaanza. Mahitaji yanapanda wakati uleule maradhi yanapopanda. Chakula kikiwa dhaifu hapo, mstari unalala. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, na sehemu kubwa ya udumavu huo hutokea kabla ya miaka miwili.

Tuanze na uji, maana hapo ndipo penye kosa kubwa.

Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba karibu mililita 240 kwa mara moja, yaani hata kikombe cha robo lita hakijai. Ukimpa uji wa kunywa, ule unaotiririka kikombeni, umemjaza maji. Atashiba, atalala, mama ataridhika, na baada ya saa mbili analia tena. Kipimo rahisi ni kijiko: chota uji, kiinamishe kijiko. Ukimwagika kama chai, haufai. Unatakiwa ukae kijikoni kisha udondoke taratibu kwa mabonge. Kwa kikombe kimoja cha maji cha robo lita, weka unga vijiko vinne vya chakula. Wengi wetu tunaweka kimoja, kimoja na nusu.

Hapa kwetu kuna mtego wa pili, muhogo. Unga wa muhogo ukipikwa huvimba na kuvutika, kwa hiyo uji unaonekana mzito hata kama unga ni kidogo. Macho yanadanganywa. Isitoshe, muhogo mkavu una protini chache mno, kama gramu mbili katika kila gramu 100, wakati mahindi yana nane au tisa na ulezi kama saba. Sisemi muhogo utupwe, ndio unaotulisha. Nasema uji wa mtoto usiwe wa muhogo mtupu. Changanya nusu kwa nusu na ulezi au mahindi, kisha tia kitoweo. Na muhogo mchungu uwe umevundikwa na kukaushwa vizuri kwanza, kama tulivyofundishwa na wazee.

Kitoweo chenyewe tunacho mlangoni. Dagaa wa Tanganyika anasafirishwa mpaka Dar es Salaam na nchi za jirani, na mtoto wa Ujiji anakunywa uji wa chumvi. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo ana protini, chokaa ya mifupa na madini ya chuma kwa pamoja. Nunua waliokaushwa kwenye chanja. Wale wa mchangani, hata ukiwapepeta mara tatu, mchanga unabaki na utausikia menoni kwenye unga. Waoshe kwa maji ya moto haraka, waanike tena mpaka wavunjike kwa vidole, toa vichwa ukiona uchungu unamkera mtoto, wakaange bila mafuta kwenye moto mdogo kwa dakika tano hivi, twanga, chekecha kwa chekeche la unga laini ili mfupa wowote mrefu ubaki juu. Mtoto wa miezi sita anaanza na kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli lake la uji. Akifika miezi tisa, kijiko kimoja cha chakula. Tia unga huo uji ukiwa bado unachemka, uive pamoja. Usiongeze chumvi.

Tengeneza wa wiki mbili tu, funga kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Dagaa ana mafuta, na unga wake ukikaa sana unachacha na kunuka, mtoto anaukataa na sisi tunasema hapendi dagaa. Kwa wanaotegemea uvuvi, pangeni kwa mwezi. Wakati wa giza dagaa ni wengi na bei inashuka. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika na fedha nyumbani zinapungua. Nunua dagaa wakavu wakati wa giza, waweke wazima, saga kidogo kidogo. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, nyumba ambazo hazikuweka akiba zilirudi kwenye uji mtupu. Ziwa likifungwa tena, maharage ya Kasulu na Buhigwe yapo: yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yachemshe mpaka yalainike kabisa, ponda na kuchuja maganda, tia vijiko vitatu vya chakula kwenye uji au viazi.

Na mawese. Wekundu wa mawese ndio chanzo cha vitamini A yenyewe. Mwili wa mtoto unaubadilisha. Wengine tunayachoma mpaka yanatoa moshi na kuwa meupe kama mafuta ya dukani, tukidhani tumeyasafisha, kumbe tumeiunguza faida. Kwa mtoto, epua uji, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha mawese mekundu na ukoroge. Kijiko hicho kinaongeza karibu kalori 40 bila kuongeza ujazo tumboni. Usizidishe, ataharisha. Sombe (kisamvu) iliyotwangwa na kuchemshwa muda mrefu inamfaa kuanzia miezi minane, ikiwa laini, tena yenye mawese.

Sasa wazazi wanalalamika, na ni kweli: uji mzito hivyo mtoto mdogo anaushindwa. Dawa yake ni kimea, na kina mama wanaopika togwa wanakijua kuliko mtaalamu yeyote. Osha ulezi, uloweke kwa saa 12, mwaga maji, uufunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku mbili hadi tatu. Vimizizi vikitokeza kama nusu sentimita, anika juani mpaka ukauke kabisa, sugua kwa viganja vimizizi vitoke, pepeta, saga. (Tumia ulezi. Machipukizi ya mtama yana sumu na lazima yaondolewe yote, kazi ambayo si kila mtu ataifanya kwa uangalifu.) Pika uji mzito wa vijiko vinne kama nilivyosema, epua, subiri upoe mpaka kidole kivumilie kwa taabu, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na ukoroge. Mbele ya macho yako, ndani ya dakika chache, uji uliokuwa unasimamisha mwiko unalegea na kuwa wa kumiminika, bila tone la maji kuongezwa. Kimea kimekata wanga vipande vifupi. Urudishe motoni uchemke tena kidogo kuua vijidudu vya kwenye kimea, ndipo umpe. Ukikitia uji ukiwa unatokota, hakitafanya kazi, moto umekiua. Ukikitia uji umepoa kabisa, kinafanya kazi polepole mno. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza kimea miaka ya 1980, na nasikitika kwamba leo ni nadra mzazi kuelezwa habari zake.

Badala yake tunauziwa unga wa lishe wenye vitu tisa: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, maharage, mbegu za maboga. Unaonekana wa maana, ila una matatizo. Kila nafaka ina muda wake wa kuiva, na soya isiyoiva vizuri inazuia mwili kutumia protini. Karanga zikisagwa na kukaa, mafuta yake yanachacha, na zikiwa na ukungu zinabeba sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Nafaka moja au mbili zinatosha. Karanga zitwangwe siku ya kupika, zilizonyauka au zenye rangi ya kijani na nyeusi zitupwe, wala kuku wasipewe.

Kiasi na mara: akianza miezi sita, vijiko viwili hadi vitatu vya chakula mara mbili kwa siku, akipanda taratibu hadi nusu kikombe cha robo lita. Miezi tisa hadi 12, nusu kikombe mara tatu au nne, na tunda katikati. Baada ya mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Embe, pera au chungwa pamoja na mlo husaidia madini ya chuma kufyonzwa. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, kwa hiyo chai na andazi si kifungua kinywa cha mtoto wa mwaka mmoja. Asali, hata iwe ya Tabora iliyo safi namna gani, asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwa maana inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga.

Nigusie chupa ya chai. Uji unapikwa asubuhi, unawekwa kwenye chupa ya chai, mtoto anapewa mpaka jioni. Chupa ile haiuweki uji katika moto wa kuua vijidudu kwa siku nzima. Baada ya saa chache uko vuguvugu, na vuguvugu ndipo vijidudu vinapozaliana. Kuhara nyingi tunazozilaumu kwa meno zinatoka humo. Pika kidogo, mara mbili. Na chupa zenye chuchu ziachwe kabisa. Kikombe kinaoshwa, ile mianya ya chuchu haioshwi ikatakata.

Mtoto apewe bakuli lake. Kwenye sinia moja na kaka zake, mwenye mwaka mmoja anakula tonge tatu wakati wenzake wamemaliza, na hakuna atakayejua alikula nini. Akiwa na bakuli lake unaona kilichobaki. Kuanzia mwaka wa pili hamu ya kula hupungua kidogo, na hilo lisiwatishe: mwaka wa kwanza aliongeza kilo sita au zaidi, wa pili anaongeza kama mbili na nusu. Hamu ipungue, lakini mstari uendelee kupanda.

Ili mstari huo useme kweli, mizani iwe kweli. Kati ya miezi tisa na 12 mtoto huongeza wastani wa gramu 200 hivi kwa mwezi. Viatu, sweta na nepi iliyolowa ni gramu 300 au zaidi. Mwezi uliopita alipimwa akiwa mtupu, mwezi huu amepimwa na sweta: kadi inaonyesha amepanda, kumbe ameshuka. Mama una haki ya kuomba, kwa heshima, kile kikaptula cha kumtundikia mtoto kitundikwe kwanza kikiwa tupu na mshale urudishwe sifuri. Una haki pia ya kuomba uonyeshwe nukta iliyowekwa, uione imekaa kwenye mwezi sahihi. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, usingoje wa tatu.

Uzito nao haumalizi habari. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene wa mashavu. Tunasema ana umbo dogo kama babu yake. Ni kipimo cha urefu kinachotenganisha hayo. Chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala kwenye ubao, watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine anabonyeza magoti kwa upole na kuleta kibao kwenye nyayo zilizosimama wima. Mtu mmoja peke yake hapati kipimo sahihi, mtoto anajikunja. Wa kiume wa mwaka mmoja akiwa chini ya sentimita 71, au wa kike chini ya 69, amedumaa. Kwa miaka miwili ni chini ya sentimita 82 hivi kwa wa kiume na 80 kwa wa kike. Takwimu hizi ni za Shirika la Afya Duniani na zinatumika kwa Muha, Mmanyema na Mzungu sawasawa, maana watoto waliolishwa vizuri hukua karibu sawa popote katika umri huo.

Sasa nije kwenye neno linaloua. Mtoto akikonda, nywele zikanyooka na kuwa za rangi ya kutu, jirani anasema amebemendwa. Maana yake mmoja wa wazazi ametoka nje. Kuanzia hapo si suala la chakula tena, ni la aibu. Mama anaogopa kupanda daladala na mtoto yule, anaogopa foleni ya kliniki, anakwenda kwa mganga usiku. Ugonjwa huo una jina, utapiamlo mkali, na unatibika. Hata neno kwashakoo, aina mojawapo ya utapiamlo huo, lina mafunzo: lilitoka Ghana kwa lugha ya Ga, daktari Cicely Williams akaliandika mwaka 1935, na linataja ugonjwa unaompata mtoto anapozaliwa mwenzake. Wale watu waliona wazi: ni mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla kwa sababu mama ana mimba, akahamia uji wa wanga mtupu. Mama mwenye mimba maziwa yake hayaharibiki. Kama ni lazima amwachishe, apunguze kwa wiki kadhaa huku dagaa na maharage vikiongezeka.

Vivyo hivyo kukata kimeo na kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Kile cheupe kwenye ufizi ni jino la kawaida linaloota. Anayeling'oa kwa spoku ya baiskeli anamwachia mtoto jeraha, na ule ugonjwa uliomfanya ahare unabaki palepale. Akihara: pakiti moja ya chumvichumvi (ORS) kwenye lita moja ya maji safi, madini ya zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 akiwa na miezi sita au zaidi, na chakula kisisimamishwe. Akipona, mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili ili arudishe alichopoteza.

Kuna kipimo ambacho kila baba anaweza kukifanya jioni hii. Mkalishe mtoto, bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa mguu, si kwenye unyayo, miguu yote miwili kwa pamoja, hesabu taratibu mpaka tatu, uachie. Ngozi ya kawaida inarudi. Kikibaki kishimo kwenye miguu yote, hata kama mtoto anaonekana mnene, unene ule ni maji. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, si kesho. Utepe wa rangi wa kupima mkono wa juu, anao mhudumu wa afya wa kitongoji chako: kuanzia sentimita 12.5 ni kijani, kati ya hapo na 11.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu. Nyekundu naye aende siku hiyohiyo, apewe chakula dawa.

Ombi langu kwa wauguzi wetu, ambao najua wana foleni ndefu na mizani moja, ni dogo. Mama anapoleta mtoto wa miezi tisa, mkishaandika surua, msiruke mkaandika tarehe ya miezi 18. Andikeni kwa kalamu tarehe ya mtoto kufikisha miezi kumi, mumwonyeshe, na mumwambie aje na kijiko na bakuli analomlishia mtoto, ili muuone uji wenyewe.

Mzazi,
Ujiji, Kigoma